Kipupwe cha Kusini kwa tarehe zake: Kilwa, Nandete, Tendaguru, Lupaso na Ngongo

Krismasi ya Lindi haina baridi. Desemba huku ni jua la utosi, embe na macho kuelekezwa mawinguni. Baridi yetu ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, na ukiikagua kalenda utakuta tarehe nyingi nzito za Kusini mwa Tanzania zimejazana humo. Sabasaba ni siku kilipozaliwa chama cha TANU, 7 Julai 1954. Mashujaa ni 25 Julai. Nanenane, siku ya wakulima, ni 8 Agosti. Chini ya hizo za serikali kuna nyingine zisizo na mapumziko ya kazi: Wareno kuivamia Kilwa, pamba kung'olewa Nandete, boma la Wajerumani la Liwale kuanguka.

Hazikukutana kwa bahati. Kipupwe njia zimekauka, mavuno yapo ghalani, upepo wa kusi umeshika baharini na watu wana nafasi: ya maonyesho, ya jando, ya kuchimba, na zamani ya vita. Safari hii ilipangwa kufika kila mahali kwa tarehe yake au jirani nayo. Simulizi imeunganishwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni za watu wawili wenyeji, usafiri wa abiria na bodaboda.

23 Julai. Mtwara hadi Kilwa Masoko

Basi la Dar es Salaam huondoka Mtwara alfajiri, na anayekwenda Kilwa hushuka Nangurukuru. Hapo kwenye nauli kuna mtego: makondakta wengi wanataka nauli kamili ya Dar kwa sababu kiti hicho hakitapata mtu mwingine njiani. Nafuu ni kuikata safari vipande viwili. Panda kosta mpaka Lindi, kisha tafuta gari la Kilwa stendi. Utachelewa saa moja au mbili, lakini utabakiwa na hela ya chakula cha siku nzima.

Barabara ni lami mwanzo hadi mwisho. Masika ndiyo huiumiza. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliikata upande wa Somanga, kaskazini ya Nangurukuru, na magari yakalala njiani. Msafiri wa kipupwe hana hofu hiyo, ila asishangae kukuta mchepuko wa vumbi palipo na ujenzi.

Nangurukuru hadi Masoko ni kama kilomita 30 kwa Noah. Gari haliondoki mpaka lijae, na siku hiyo kujaa kulichukua saa moja na nusu. Muuza kahawa aliyekuwa pale kivulini alisogeza benchi lake, akamimina vikombe viwili na kukataa malipo ya cha pili: "Hicho cha kusubiria, ndugu zangu." Kulala Masoko: chumba chenye feni na chandarua Sh 20,000. Feni haikuwashwa. Saa 10 alfajiri shuka moja haitoshi.

24 Julai. Kilwa Kisiwani

Kibali hukatwa Masoko, kabla ya kufika bandarini. Beba kitambulisho cha taifa, maana raia na mgeni hawalipi sawa na bila kadi utahesabiwa mgeni. Mwongozaji huanzia hapo hapo ofisini.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na kisiwa ni mwembamba, kama kilomita mbili, lakini Julai kusi hulala asubuhi na kuamka mchana. Vuka kabla ya saa 3 na urudi kabla ya saa 8. Mashua ya tanga ikichelewa huko hurudi na abiria walioloa mpaka kifuani. Angalia na maji: bamvua (maji makubwa) likipwa, chombo husimama mbali na abiria hutembea kwenye tope na mawe makali. Viatu vya plastiki vyenye kisigino cha kufunga vinafaa, ndala hubaki topeni.

Jengo la kwanza kukutana nalo ni Gereza, ngome iliyosimama karibu kabisa na maji. Kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni za wakati wa Waomani, ila msingi wa habari ni wa Wareno. Francisco de Almeida alifika hapa na merikebu zake mwishoni mwa Julai 1505, akaupora mji na kuanza kujenga ngome. Aliiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo, ambaye sikukuu yake ni 25 Julai. Hiyo ilikuwa desturi yao, kuipa nchi jina la sikukuu iliyowakuta hapo. Natal ya Afrika Kusini ilipata jina kwa sababu Vasco da Gama alipita pwani yake wakati wa Krismasi ya 1497, na neno hilo kwa Kireno ni Noeli.

Kwa nini Julai? Cabral, nahodha mwingine Mreno, alitia nanga Kilwa Julai 1500. Da Gama alikuja Julai 1502 akaondoka na dhahabu ya kodi kutoka kwa Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa. Almeida, Julai tena. Waliondoka Lisbon kati ya Februari na Machi, wakazunguka kusini mwa Afrika, wakatokea pwani hii katikati ya mwaka, na iliwalazimu kuvuka kwenda Uhindi kabla kusi haijaisha. Kipupwe ndicho kilikuwa kituo chao. Wafanyabiashara wa Uarabuni walifuata upepo wa pili: walishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akipita njia hiyo, na aliuandika mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema.

Dhahabu ile ya 1502 ipo. Ilifuliwa kuwa chombo cha kanisani mwaka 1506 na sasa imewekwa katika jumba la makumbusho la sanaa za kale Lisbon. Wareno wenyewe waliihama Kilwa mwaka 1512. Ngome ya Yakobo haikumaliza miaka kumi.

Msikiti Mkuu unahitaji saa nzima, si dakika kumi za picha. Sogea kwenye nguzo uzitazame kwa karibu. Jiwe la kuta ni tumbawe la kuchimbwa, gumu, limejaa magamba ya chaza. Mihrabu na mapambo ni tumbawe jingine, lile linalotolewa baharini likiwa bichi na laini kiasi cha kukatika kwa kisu, kisha hukauka na kuwa jiwe. Ukilitazama kwa pembeni utaona vijicho vidogo vya tumbawe vimejipanga kama sega la nyuki, na juu yake mstari wa patasi ulionyooka. Ndani ya vizingiti fulani chokaa bado imeshika.

Husuni Kubwa iko mwendo wa nusu saa mashariki, kwenye ukingo wa mwamba. Ni kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Wengi hulikosa kwa sababu boti linawasubiri. Mwambie nahodha mapema akusubirie upande huo.

Chakula kisiwani ni cha kuagiza wakati wa kushuka: wali, samaki wa kukaanga, pilipili, Sh 6,000 kwa mtu. Mama aliyepika aliongeza bakuli la supu ya pweza bila kuombwa na kueleza kwamba pweza wa kipupwe hupatikana maji yakipwa sana, kwa hiyo siku ya maji madogo usimwahidi mtu pweza.

25 Julai. Nandete, siku ya Mashujaa

Sherehe za kitaifa za Mashujaa zina gwaride na mashada. Milima ya Matumbi haina gwaride, lakini ndiko vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilikoanzia.

Kutoka Nangurukuru panda gari linaloelekea kaskazini, shuka Njia Nne. Hapo lami inaachwa na barabara ya Kipatimu inapanda milimani, kama kilomita 50 za udongo mwekundu. Masika hata pikipiki huteleza, kipupwe tatizo ni vumbi. Funga begi kwenye mfuko wa nailoni na uvae kitambaa puani. Bodaboda mbili, kwenda na kurudi na dereva kulala, Sh 60,000 kila moja baada ya mapatano marefu. Ukiwa na subira, zipo gari za abiria zinazopanda mchana na kushuka alfajiri. Jaza mafuta Njia Nne, maana huko juu yanauzwa kwenye chupa na kwa bei ya juu.

Pancha ilitokea kwenye mteremko wa pili. Solusheni ilikuwepo, pampu haikuwepo. Kijana aliyepita na baiskeli iliyobeba makopa aliteremka, akafungua pampu yake na kujaza gurudumu mwenyewe hadi mwisho, jasho likimtoka katika baridi ile. Alichopokea ni maji ya kunywa tu.

Pale Nandete upo mnara wa kumbukumbu. Mzee aliyeamkiwa shikamoo chini ya mwembe aliuliza swali moja: "Mnatafuta mnara, au mnatafuta shamba?" Akaongoza kwenda nyuma ya nyumba yake, kwenye mti wa pamba ulioota wenyewe karibu na zizi la mbuzi, vitumba vyake vimeshapasuka na nyuzi nyeupe zinaning'inia. "Ng'oa, mwanangu." Mkono mmoja haukutosha. Udongo wa Julai umeshaanza kukaza, na mzizi mkuu wa pamba unashuka wima kama karoti. Kwa mikono miwili na kuinama ulitoka na donge la ardhi lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mzee akaupanda tena na kuumwagilia.

Ukishang'oa mmoja utaelewa kwamba kile kilichofanyika hapa asubuhi moja mwishoni mwa Julai 1905 hakikuwa cha ghafla. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela ndio wanaokumbukwa kuwa wa kwanza kung'oa miche ya shamba la pamba la lazima, na ilikuwa tangazo la vita kwa akida wa Kibata na serikali ya Wajerumani nyuma yake. Pamba hukomaa kipupwe. Wakati ule ule ambapo mtu anatakiwa awe na chakula chake ghalani ndipo alipoitwa kuvuna mali ya mwingine. Maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalikuwa yameshasambaa kutoka Ngarambe, na waliokwenda kuyachukua walipita vilima hivi kwa miguu, njia zikiwa kavu. Kinjikitile alinyongwa 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Vilidumu hadi 1907.

Adabu za Nandete: anzia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, sema umekuja kwa nini, saini kitabu cha wageni. Usiulize "kuna nini cha kuona". Uliza nani anayejua habari za mababu, na uwe na muda wa kukaa.

Kulala Kipatimu, Sh 15,000. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi. Baridi ya milimani ni kubwa kuliko ya pwani, sweta lilikuwa na kazi.

26 Julai. Kushuka Njia Nne, kusubiri, Lindi jioni. Hakuna zaidi.

27 Julai. Tendaguru

Kilima hiki kiko kaskazini magharibi ya Lindi, kama kilomita 60 kwa ramani, ndani ya eneo la Mipingo. Pikipiki ni lazima na mwenyeji wa kijiji cha jirani ni lazima zaidi, kwa sababu njia za ndani hubadilika kila msimu wa mashamba. Pitia ofisi ya halmashauri Lindi kwanza upate barua. Bila barua mwenyeji atakukataa, na atakuwa na haki.

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa iliyotokeza juu ya ardhi. Wenyeji walikuwa wanaijua. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu wa Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig wa kwanza kabisa, waliisimamia kazi, na waliochimba, waliosafisha na waliobeba walikuwa watu wa huku. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo liliheshimiwa na wataalamu wenyewe, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa hapa alipewa jina lake, *Australodocus bohetii*.

Kazi ilikwenda na majira. Mvua hujaza mashimo na udongo huporomoka, nyasi huficha kila kitu, wapagazi hawapiti mabondeni. Kwa hiyo msimu mkubwa ulikuwa kiangazi, ukianzia kipupwe. Mfupa wenye nyufa ulipakwa plasta, ukafungwa kwa fito za mianzi, mkubwa zaidi ukakatwa vipande vya kubebeka na kila kipande kikaandikwa namba. Kisha mabegani na vichwani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Takriban tani 250 ziliondoka hivyo. Dinosaria mrefu aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, zaidi ya mita 13 kutoka sakafu mpaka kichwa, alitoka kwenye udongo huu kwa miguu ya Wamwera, Wangoni, Wayao na Wamakonde. Waingereza nao walichimba miaka ya 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifia Lindi mwaka 1925.

Msafiri aelezwe wazi atakachokiona: kichaka, mteremko, mashimo ya zamani yaliyofunikwa na miti, na hapa na pale kipande cha mfupa cha rangi ya kijivu chenye vinyweleo ndani kama mkate. Mwenyeji alilowesha kidole, akakigusa kipande kimoja na kidole kikanata kidogo. Jiwe la kawaida halinati hivyo. Kisha akakirudisha kama kilivyolala. Kuokota hata kipande cha ukucha ni kosa kisheria, tena ni kumwibia atakayekuja kusoma, kwa maana mahali mfupa ulipolala ni nusu ya habari yake.

Maji lita tatu kwa mtu. Mbung'o wapo hata kipupwe, nguo za buluu na nyeusi huwavuta, vaa kaki. Njiani kurudi akina mama walikuwa wanauza ming'oko iliyochemshwa, mafungu ya Sh 500. Huchimbwa porini majira haya, hutafunwa na chumvi na pilipili, na hushibisha kuliko inavyoonekana.

28 Julai. Lindi hadi Masasi

Kosta hadi Mnazi Mmoja pale Mingoyo, njia panda ya Mtwara na Masasi, kisha gari la Masasi. Njiani Nyangao, ambako misheni ya Wabenedikto ilichomwa mwishoni mwa Agosti 1905 moto wa Majimaji ulipoteremka kutoka kaskazini. Misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyoanzishwa 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ilivamiwa siku hizo hizo.

Kuanzia Ndanda ngoma za jando zilisikika mara tatu kando ya barabara. Ni majira yake: chakula kipo, na kidonda huaminika kupona haraka kwenye baridi kavu kuliko kwenye joto la unyevu. Ukiona kumbi la majani pembeni ya kijiji usisogee na usipige picha. Ukikuta wali, yaani vijana wa jando, wanatoka, nguo mpya na miavuli, simama, shangilia, toa sarafu kama wenyeji wanavyotoa.

29 Julai. Lupaso

Rais wa tatu, Benjamin William Mkapa, alizikwa kijijini kwake Lupaso tarehe 29 Julai 2020. Kutoka Masasi ni bodaboda au gari la abiria la asubuhi. Kaburi ni la familia, si makumbusho. Mavazi ya heshima, salamu kwa waliopo, ruhusa ndipo picha. Siku ya kumbukumbu huwa na ibada, na mgeni hukaribishwa kula. Jioni, basi la kurudi Mtwara lilichelewa saa mbili, likajazwa magunia ya mbaazi mpaka mlangoni.

1 Agosti. Mtwara, alfajiri shambani

Kituo hiki hakina mnara, lakini bila yake Nanenane ya Kusini haieleweki. Mkorosho huchipua na kutoa maua kipupwe, na baridi ile ile yenye umande huleta ubwiriunga, ukungu mweupe unaofunika maua machanga kama unga wa muhogo. Ua likishikwa hugeuka kahawia na kudondoka, na korosho ya Oktoba inapotea hapo.

Dawa ya zamani na ya uhakika ni salfa ya unga. Kipimo kilichozoeleka kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ni gramu 250 kwa mti kwa kila mzunguko, kila baada ya siku 14, mpaka mizunguko mitano. Hupulizwa alfajiri, kuanzia saa 11, kwa sababu mbili: umande huishika salfa kwenye ua, na upepo bado umelala. Kusi ikiamka saa 3 salfa yote huenda kwa jirani. Makosa yanayoonekana sana ni kusubiri mpaka ua liwe jeupe ndipo mashine itafutwe, kuruka mzunguko wa tatu fedha zikiisha, na kupuliza bila miwani. Salfa machoni inachoma siku nzima.

8 Agosti. Ngongo, Lindi

Viwanja vya Nanenane vya kanda yetu viko Ngongo, nje kidogo ya mji wa Lindi kwenye barabara ya Mingoyo. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Sabasaba yenyewe. Baadaye wakulima wakapewa 8 Agosti na 7 Julai ikabaki ya biashara. Kwa Kusini mabadiliko hayo yana manufaa: mapema Julai wengi bado wako kwenye ufuta, Agosti ufuta umeshauzwa na mfukoni kuna kitu.

Usije tarehe 8 ukitafuta elimu. Siku ya kilele ni ya hotuba na msongamano. Mtaalamu wa mbegu anayeweza kukaa nawe nusu saa anapatikana tarehe 4 hadi 6, asubuhi. Njoo na swali lililoandikwa na, kama ni ugonjwa wa mmea, njoo na tawi lenyewe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa kwenye nailoni linaoza njiani. Miche bora ya mikorosho huuzwa hapo. Nunua siku ya kuondoka na uishushe kivulini kila gari linaposimama. Maji ya kunywa viwanjani hupanda bei mchana, beba yako.

Gari za Mtwara huisha mapema siku ya kilele. Saa 11 jioni hapakuwa na kosta. Dereva wa lori la chumvi aliwapandisha watu sita nyuma, akawapa turubai la kujifunika na kuwashusha Mikindani saa 3 usiku.

Kilichoachwa. Liwale. Boma lake lilianguka katikati ya Agosti 1905, na 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa na wenzake wanne wakiwa safarini huko. Kutoka Nangurukuru ni kama kilomita 230, nyingi za udongo, na kwa gari la abiria hesabu siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi. Atakayekwenda aondoke Nangurukuru tarehe 12 Agosti asubuhi, abebe tairi la akiba na koti.